Uliimaliza Wewe, Ataijaza Nani?

Nianze kwa kukiri kitu. Mwaka jana niliuza chupa sita tupu na sikuuliza mnunuzi anazipeleka wapi. Nililipwa vizuri, nikanunua bando na unga, nikalala fofofo. Siku hizi chupa tupu ya pombe hunikosesha usingizi kuliko iliyojaa, na leo nataka niwaambie kwa nini.

Kabla hatujaenda mbali: kama hujafika miaka 18, hii si ruhusa ya kujaribu chochote. Soma, kwa sababu chupa hizi ziko hadi kwenu nyumbani. Pengine iliyoshika mafuta ya kupikia hapo jikoni ni moja yao.

Hadithi ni hii. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iligoma, nami nikachoka kujificha kila wakati wa mtihani. Tangu hapo ninaishi kwa hizi video zenu na vijikazi vya hapa na pale. Mwisho wa mwaka nikapata kazi ya video ya dakika moja. Kampuni sitaitaja, na ukija kuniuliza faraghani pia sitaitaja. Walikuwa na jini mpya, na kitu walichotaka nionyeshe hasa kilikuwa chupa. Manze, ilikuwa chupa! Kioo kizito cha kijani, shingo fupi, mabega mapana, kifuniko cha mbao chenye koki chini yake, lebo ya karatasi ya rangi ya chai kama dawa ya zamani. Shingoni ilikuwa imefungwa kikaratasi kwa uzi wa katani: usinitupe, nitumie tena.

Nikafanya video. Nikaonyesha chupa ikiwa jagi la maji, ikiwa taa yenye vile vibalbu vidogo, ikiwa na ua moja mezani. Video ikaenda mbio. Watu wakasema hii ndiyo vinteji, hii ndiyo kupenda mazingira. Marafiki wakanunua, wakaniletea chupa zao tupu kama zawadi. Keja yangu ni chumba kimoja, kwa hivyo baada ya wiki chache nilikuwa ninaishi ndani ya duka la dawa la mwaka 1890.

Siku moja soja wetu wa ploti akaniambia, "Kijana wangu, hizo chupa za kijani unazifanyia nini? Kuna jamaa huzinunua."

"Pesa ngapi, mzee?"

"Mia na hamsini moja."

Chupa ya kawaida, ule mzinga unaoujua, ukipata bob tano au kumi umebarikiwa. Mia na hamsini! Nikazipanga sita kwenye mfuko. Soja akanipa masharti ya mnunuzi. Koki isipotee. Kifuniko kisipasuke. Lebo isikwaruzwe. Na nisizioshe kwa maji moto, lebo itabanduka.

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Nimekua nikimwona mathe akinunua asali kwa chupa kama hizo, na mtu wa asali wa kweli hufanya kinyume. Huloweka chupa usiku kucha, husugua lebo mpaka kioo kitoe mlio, kwa sababu hataki mteja afikirie konyagi anapokula mkate. Muuza asali huitaka chupa. Huyu jamaa aliitaka lebo. Akili ilinipa taarifa hiyo wakati huohuo, lakini tumbo lilikuwa na njaa, na kati ya akili na tumbo mnajua nani hushinda tarehe 27.

Miezi miwili baadaye rafiki yangu alikunywa jini hiyohiyo, chupa hiyohiyo ya kijani, iliyonunuliwa kwa bei iliyokuwa chini kuliko kawaida. Usiku ule alikuwa sawa. Kesho yake mchana akasema kichwa kinampasuka, tukamcheka, tukamwambia ni hangova. Jioni akatapika. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau: mbona chumba kina moshi? Chumba hakikuwa na moshi. Tulimkimbiza hospitali, na daktari akauliza tu amekunywa nini na lini. Alilazwa siku nne. Yuko hai, anaona, lakini anasema usiku taa za magari huwa na kivuli ambacho zamani hakikuwepo.

Je, ilikuwa mojawapo ya chupa zangu sita? Sijui, na hakuna njia ya kujua. Hilo ndilo linalokula roho. Kuna mtu alijaza chupa yangu na kuna mtu aliinywa.

Sasa tuongee kama watu wazima. Sitaki mwondoke hapa mkisema kutumia chupa tena ni kubaya. Hapana. Wakenya tulikuwa tunatumia vyombo tena kabla ya mtu yeyote kuandika hashitegi. Mtungi wa busaa haukutupwa baada ya sherehe. Muratina ilikaa kwenye kibuyu, wazee wakanywea pembe ya ng'ombe, na kesho kibuyu kikaoshwa kikarudi kazini. Mursik mpaka leo huwekwa kwenye kibuyu kinachosafishwa kwa mkaa wa mti maalumu, na kibuyu kizuri hurithiwa. Hiyo ndiyo vinteji ya kwetu, na tofauti yake na chupa yangu ya kijani ni moja: kibuyu kilikuwa na mwenyewe. Ulijua ni cha nani, nani hukiosha, nani hukijaza. Kikiwa na kitu kibaya ndani, ulijua mlango wa kubisha.

Hata lugha yetu ya mtaani inajua kwamba chupa ina maisha zaidi ya moja. Chupa ya mililita 750 tunaiita mzinga. Ndogo yake ni nusu, ya chini kabisa ni kota. Na mzinga, kabla uwe wa pombe, ni mahali nyuki hukaa. Ukipita barabara za Baringo au Kitui unakuta asali imetoka kwenye mzinga ikaingia kwenye mzinga. Mama anaipanga kando ya barabara, jua linapita ndani yake, na hakuna kitu kizuri kama hicho. Kioo ni chombo cha ajabu. Hakinyonyi harufu, hakiozi, ukikiosha vizuri kinaanza upya. Na kukitengeneza ni kazi ya moto mkali, tanuri la nyuzi joto kama 1,500. Kwa hivyo ukitengeneza chupa nzito ya kupendeza halafu ikatumika mara moja, umechoma moto mwingi kwa ajili ya picha. Chupa nyepesi mbaya ingekuwa na nafuu. Uzito wa chupa ya vinteji unakuwa na maana pale tu inaporudi kazini, tena na tena.

Swali langu si kama itarudi kazini, kwa sababu itarudi. Nairobi hakuna chupa inayokufa. Ninachouliza ni nani ataijaza.

Na hili swali si letu peke yetu, na si la jana. Mtindo huu wa chupa za kizamani umechukuliwa sehemu mbalimbali. Hendrick's, jini ya Uskoti, ina chupa nyeusi iliyoigizwa kutoka chupa za dawa za karne ya 19. Kraken, ile ramu nyeusi, ina vijishikio viwili shingoni kama chupa za ramu za enzi za Victoria. Halafu kuna Marekani na ile mitungi ya kioo ya Mason. John Landis Mason alipata hataza yake Novemba 1858, mtungi wenye mfuniko wa kuzungusha, wa kuhifadhia matunda na mboga. Pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima kati ya 1920 na 1933, watu wa milimani waliokuwa wakipika chang'aa yao, wao huiita moonshine, waliisafirisha kwa mitungi hiyohiyo kwa sababu ilikuwa kila nyumba na haikumshtua mtu. Leo kule Tennessee kampuni halali kama Ole Smoky huuza moonshine yenye leseni ndani ya mitungi ya namna hiyo. Ukimaliza kunywa unaosha, unawekea achari. Ni wazo zuri.

Lakini kuna kipande cha historia hiyo ambacho watu wa matangazo hawakiweki kwenye video. Marufuku ilipoisha, Serikali ya Marekani ilijikuta na tatizo lile la soja wetu. Wapikaji haramu walikuwa wananunua chupa tupu za pombe halali na kuzijaza uchafu wao. Kwa hivyo kuanzia 1935 hadi 1964, chupa za pombe kali Marekani zilitakiwa kuandikwa ndani ya kioo chenyewe, kwa herufi zilizoinuka, kwamba sheria ya nchi inakataza kuuza au kutumia tena chupa hii. Ilikuwa ndani ya kioo, kwa hivyo huwezi kuibandua kama lebo. Ukipata chupa ya whisky ya Marekani ya miaka ile, ile vinteji ya ukweli, pitisha kidole utaisikia.

Ona kichekesho. Vinteji halisi iliandikwa usinitumie tena. Vinteji ya kuigiza imefungwa kikaratasi kinachosema nitumie tena. Wamechukua sura ya zamani, wakaacha funzo la zamani.

Rudi nyumbani sasa. Chukua chupa ya kawaida ya pombe kali kutoka duka lolote la hapa, yale maduka tunayoyaita wines. Ukiifungua utaona ndani ya shingo kuna plastiki, mara nyingi na kagololi. Wengi hudhani ni ya kupunguza kasi ya kumimina. Kazi yake nyingine ni kuzuia kurudisha kitu ndani. Kioevu kinatoka, hakiingii kirahisi. Juu yake kuna stempu ya KRA. Mfumo wa stempu za kielektroniki ulianza 2013, na kuna programu ya simu inaitwa Soma Label unayoweza kuitumia kukagua stempu. Mbaya wetu wana ujanja wao, wanang'oa, wanabandika, lakini angalau wanatoka jasho.

Chupa yangu ya kijani haikuwa na gololi. Ilikuwa na koki, kwa sababu koki ni ya kizamani na hutoa ule mlio mzuri wa "pop" ambao mimi mwenyewe niliuweka mwanzo wa video. Mdomo wazi kabisa. Unaweka faneli, unamimina, unagonga koki kwa kiganja. Dakika moja. Kila kitu kilichoifanya chupa ile iwe rahisi kutumika tena kwangu kiliifanya iwe rahisi kutumika tena kwa yule jamaa. Hiyo ndiyo siri ambayo hakuna aliyeniambia wakati wa kusaini kile kikaratasi cha malipo.

Na si mchezo. Tumezika watu wengi nchi hii kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya chombo kisichojulikana kilitoka wapi. Novemba 2000 hapa Nairobi zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji kilichochanganywa na methanoli, enzi za kumi kumi, jina lililotokana na bei ya shilingi kumi. Mei 2014 ikatokea tena, Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko, makumi ya watu. Februari 2024 Kirinyaga, kijiji cha Kangai, 17. Si visa vyote hivyo vilihusu chupa za kujazwa upya. Ninavitaja ili ujue methanoli hufanya nini. Haina rangi, na huwezi kuitofautisha kwa kuonja. Dalili huchelewa, saa kumi na mbili hata siku nzima, ndiyo maana tulidhani rafiki yetu ana hangova. Mtu akianza kuumwa kichwa vibaya, kutapika, kupumua haraka, kuona ukungu au theluji baada ya kunywa, usimpe maziwa, usimwambie alale. Hospitali, sasa hivi, na ubebe chupa. Dawa ipo, lakini inashindana na saa.

Sheria yetu inajua kwamba chombo ni suala la uhai. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ya Mututho, ndiyo iliyohalalisha chang'aa iliyokuwa imepigwa marufuku tangu 1980, na papo hapo ikakataza pombe kwenye vipakiti na kuweka kiwango cha chini cha mililita 250. Tanzania wakapiga marufuku viroba Machi 2017. Uganda wakafuata 2019. Kote walielewa kwamba ukibadilisha kifungashio unabadilisha nani anakunywa, anakunywa wapi, na anakunywa nini. Kipakiti cha plastiki kilikuwa tatizo kwa sababu kilikuwa rahisi mno. Chupa nzuri ya koki inaweza kuwa tatizo kwa sababu inaaminika mno. Ukiiona unasema, ah, hii ni orijino, nani angetengeneza feki ya kioo kizito hivi? Na ni kweli, kioo si feki. Kioo ni orijino kabisa. Kilichomo ndani ndicho feki.

Sasa, tufanye nini? Wengine mtasema chupa zote zivunjwe. Nimewahi kuona baa ambazo huzivunja, na ninawaelewa. Lakini kuvunja kioo kizima kila usiku katika jiji ambalo watu hubeba takataka mgongoni kutafuta riziki ni kushindwa kufikiri. Na tunao mfano wa kufikiri vizuri, tumekua nao.

Unakumbuka ukitumwa dukani soda ukiwa mdogo? Muuzaji anakuuliza, "Umekuja na chupa?" Kama huna, unakunywa hapohapo umesimama, au unaacha pesa ya chupa. Ukirudisha, unarudishiwa. Bia ni hivyohivyo. Chupa ya kahawia inaingia kwenye kreti, kreti inaingia kwenye lori, lori linarudi kiwandani, chupa inaoshwa kwa mashine, inakaguliwa, inajazwa na mwenyewe. Mtoto wa darasa la tatu aliuelewa mfumo huo. Chupa ile haikuhitaji kikaratasi cha kuibembeleza dunia. Ilikuwa na amana, na amana ni njia ya kusema: hii bado ni yangu, nirudishie.

Kwa hivyo hoja yangu ni fupi. Kampuni ya pombe kali inayoandika nitumie tena kwenye chupa yake ina deni la kuongeza maneno mengine: nirudishe hapa. Kama hawana mahali pa kuirudisha, basi hawajatengeneza chupa ya kutumika tena. Wametengeneza takataka ya kifahari na kutuachia sisi kuamua itaishia wapi. Na sheria inaelekea huko. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema mzalishaji ana wajibu juu ya bidhaa yake na kifungashio chake hata baada ya kukuuzia. Hilo ni wazo la kibuyu likiwa limevaa suti.

Najua mtanipinga, kwa hivyo nitangulie.

Mtasema chupa za pombe kali haziwezi kurudi kama za bia kwa sababu kila kampuni ina umbo lake. Ni kweli, bia hufaulu kwa sababu chupa hufanana. Lakini si lazima kuanza na kila nyumba. Anzeni na baa na hoteli, ambako chupa nyingi huishia mahali pamoja. Kuna kampuni ya Singapore, ecoSPIRITS, inayopeleka pombe kwa baa ndani ya chombo kikubwa cha kioo cha lita 4.5. Kikiisha kinarudi, kinaoshwa, kinajazwa. Baa inabaki na chupa yake ya kupendeza pale mbele. Na hata hapa kwetu tumeonyesha kwamba tunaweza kufanya chupa iwe na kwao. Procera, jini ya Nairobi inayotumia matunda ya mtarakwa wetu, imeuzwa katika chupa zilizopulizwa kwa mkono na mafundi wa Kitengela. Bei yake si ya mimi na wewe, tusidanganyane, lakini kama tunaweza kupuliza chupa hapa kwa mkono, tunaweza pia kuwa na mahali pa kuipokea ikirudi.

Mtasema bei itapanda. Amana si bei. Ni pesa yako inayokaa kwa mtu mpaka umrudishie kitu chake. Uliipata ukiwa mtoto wa soda, utaipata ukiwa mtu mzima.

Pingamizi la tatu ndilo gumu, na mimi mwenyewe lilinisumbua. Amana ya shilingi hamsini inashindanaje na jamaa anayelipa mia na hamsini? Haishindani. Mtu anayeuza maji ya sumu kwa bei ya jini ana faida kubwa kuliko kiwanda chochote, kwa hivyo daima atakuzidi bei. Ndiyo maana amana peke yake haitoshi. Inabidi chupa yenyewe imkatae. Kiwanda kikiweza kutengeneza kifuniko cha mbao chenye nakshi, kinaweza kutengeneza shingo ambayo sehemu yake ya juu inavunjika ukifungua mara ya kwanza na hairudi, pamoja na stempu na alama ya kampuni. Na lebo, badala ya kubandikwa kwa gundi ya milele, iwe ya kutoka yote kwa maji baridi, ili hata mvivu kama mimi aibandue. Shingo ife, chupa iishi. Ukibaki na kioo kizuri kisicho na jina, mama wa asali atakitaka, wewe utaweka ua lako, na yule jamaa hatakuwa na la kununua, kwa sababu jina ndilo alilokuwa akinunua.

Lakini mpaka wafanye hivyo, chupa ziko mikononi mwetu. Kwa hivyo haya ndiyo ninayofanya, na ninakuomba uyafanye.

Ukimaliza, bandua lebo kabla chupa haijatoka nyumbani. Loweka kwenye maji ya sabuni, kwangua kwa kijiko. Isipotoka, ikwaruze kwa msumari mpaka jina lisisomeke. Koki na kifuniko vitenganishe na chupa, usivitoe pamoja. Kikasha chake cha karatasi kirarue, usikiweke kizima kando ya pipa. Mtu akikupa bei ya juu kwa chupa tupu kwa sharti kwamba lebo isiguswe, umeshajua biashara yake, hata akuambie anatengeneza mishumaa. Na ukinunua, kama bei iko chini sana kuliko kila mahali, usijipongeze kwamba una macho ya dili. Kagua stempu. Ukiwa na shaka, acha. Hakuna sherehe ya thamani ya macho yako.

Kwa wenzangu wa kutengeneza video: siku hizi kampuni ikinijia na chupa ya kizamani, ninauliza swali moja kabla ya kuuliza malipo. Ikiisha, inarudi wapi? Nimeuliza kampuni mbili. Moja ilinijibu kwamba watalifikiria. Nyingine haikujibu, na kazi ikaenda kwa mtu mwingine, nikaiona video yake. Ilikuwa nzuri, "pop" na kila kitu. Kodi ya mwezi ule nililipa kwa kuchelewa na mwenye nyumba alinisema mbele ya watu. Sijuti, lakini pia sitawadanganya kwamba haikuuma.

Soja wetu nilimweleza yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kijana wangu, mimi nilidhani ni watu wa mapambo." Nilimwamini, kwa sababu hata mimi nilijiambia hivyohivyo. Yule jamaa alipopita tena, alimwambia hapa hatuuzi. Hatujamwona tangu siku hiyo, ingawa najua ploti ziko nyingi na masoja wako wengi.

Chupa moja ya kijani ilibaki, ile ya kwanza kabisa, ya video. Niliilaza kwenye ndoo usiku mzima na asubuhi nikaisugua mpaka ikatoa mlio. Nilipoenda nyumbani nilimpelekea mathe. Aliigeuzageuza kwenye mwanga, akauliza ilikuwa ya nini. Nikamwambia ilikuwa ya pombe, mathe, lakini nimeiosha.

Akainusa. Mara mbili. Kisha akachukua asali kutoka kabatini, akaanza kumimina.